Maonyo Niliyoyazima

Shirimatunda, Jumamosi alasiri

Adelina mwanangu,

Wewe na mama yako mmekwenda mjini kununua begi, na nyumba imenyamaza kama siku tulipohamia, kabla hatujaingiza hata kiti. Nimeona niandike sasa. Kesho stendi najijua: nitaongea habari za tiketi na mizigo, nitakuuliza mara tatu kama umebeba maji, basi litaondoka, na mimi nitarudi nyumbani na yale niliyotaka kukuambia. Habari za upepo wa Dodoma, za chakula, za kuchagua wa kukaa naye, mama yako atazisema vizuri kuliko mimi. Ameshaanza kuzisema tangu wiki iliyopita.

Mimi nataka kukueleza kwa nini Jumanne niliinuka mezani.

Ulikuwa umeniita nione programu yako. Ukabonyeza, na maonyo yakaanza kushuka kwenye skrini, mstari juu ya mstari, karibu yote yakisema jambo moja: kwamba maneno fulani uliyoyachukua kwenye heda za mfumo yamepitwa na wakati, yataondolewa, utumie mengine. Ukacheka kidogo. Ukaongeza neno moja fupi kwenye amri yako, ukabonyeza tena, na skrini ikawa safi. "Ni maonyo tu, baba," ulisema. "Siyo makosa."

Nikatoka nje. Ulinikuta nimesimama kwenye migomba, ukaniuliza kama nimekasirika, nikasema kichwa kinaniuma. Hakikuwa kinauma. Kuna jambo nililifanya ulipokuwa darasa la tatu, na nimekaa miaka yote hii nikijiambia nitakusimulia ukikua. Umekua, na unakwenda kuandika programu za mashine za maabara.

Kwa kuwa najua mama yako naye ataisoma barua hii, nieleze kidogo. Kompaila ni ile programu inayochukua maandishi yetu na kuyageuza yawe kitu ambacho mashine inakielewa. Heda ni mafaili ya mfumo yanayoiambia kompaila kila neno tunalotumia lina maana gani. Wakati mwingine wenye mfumo huamua kwamba neno fulani limezeeka. Hawaling'oi siku hiyo. Wanaliacha lifanye kazi miaka kadhaa, na kila ukilitumia kompaila inakuambia: hili linaondoka, jiandae.

Mwaka ulioanza darasa la kwanza nilikuwa na chumba kimoja cha kazi, kule Mawenzi, natengeneza redio na kompyuta. Nilikuwa nimejifundisha kuandika programu kwa kitabu cha kuazima kilichokosa kurasa za mwisho. Kule juu Kibosho, akina mama wa kwetu walikuwa wamepata tanki la kupozea maziwa. Bibi yako alikuwa mmoja wao, na ng'ombe wake wawili zizini. Akatuma mtu aniambie nipande, kuna kazi ya mtoto wa kompyuta.

Mlinzi wa tanki alikuwa Mama Prosper, mjane, mrefu, mwenye sauti ya chini kama anaongea na mtu aliyelala. Wewe unamkumbuka kwa jina ulilompa, Bibi Maziwa. Alikuwa na kipimajoto cha kioo kilichofungwa kamba. Kila saa alikishusha ndani ya maziwa, akahesabu kimoyomoyo, akakitoa, akakiinua kwenye mwanga wa mlango, kisha akaandika namba ukutani kwa chaki. Ukuta ule ulikuwa umejaa namba hadi juu ya kimo chake. Maziwa yakikaa kwenye nyuzi tatu au nne, yako salama hadi asubuhi gari lifike. Yakipanda, yanaharibika.

Nikawaundia mfumo. Waya wa kupimia joto ndani ya tanki, kompyuta kuukuu mezani, namba kubwa kwenye skrini, na joto likizidi, ujumbe unaingia kwenye simu ya Mama Prosper. Siku ya kwanza tuliutoa waya kwenye maziwa tukautia kwenye kikombe cha chai, na simu ikalia mfukoni mwa gauni lake. Wanawake wakapiga vigelegele. Bibi yako aliniangalia kwa namna ambayo ningeweza kuishi nayo bila chakula. Nilikuwa kijana, Adelina. Nilimwambia Mama Prosper, mbele ya watu, kwamba kipimajoto chake sasa kimepitwa na wakati, apumzike. Tukaupaka rangi ule ukuta wa chaki, nyeupe, ili mahali papendeze.

Alikisafisha kile kipimajoto, akakizungushia kitambaa, akaenda nacho nyumbani.

Programu ile ilitoa onyo tangu siku niliyoiandika. Nilikuwa nimetumia njia ya zamani ya kusoma namba, ile ya kwenye kitabu, na kompaila ikaniambia kwamba neno hilo linaondolewa kwenye heda, nitumie jipya. Mara ya kwanza nilisoma yote na nikaahidi moyoni kulibadilisha. Mara ya kumi nilikuwa sioni tena. Kila nikirekebisha kitu kidogo maonyo yanarudi yale yale, na kitu kinafanya kazi, maziwa yako baridi, watu wanasifu. Mwisho nikaongeza neno lile lile ulilolitumia wewe Jumanne. Nikayazima yote. Nakumbuka nilijisikia kama mtu aliyefagia chumba.

Masika ya mwaka ule ulipokuwa darasa la tatu, radi iliiua ile kompyuta. Wakapata nyingine, mpya zaidi, yenye mfumo mpya zaidi. Nikapanda nayo asubuhi, nikakompaili programu yangu ya zamani na amri yangu ile ile iliyozima maonyo. Haikutoa kosa hata moja. Nikaiwasha, skrini ikasema tatu. Maziwa yalikuwa baridi kweli, kwa hiyo tatu ilikuwa jibu sahihi. Sikuutoa waya, sikuutia kwenye chai. Nilikuwa nimekuahidi twende Kwa Sadala kukununulia viatu vyeupe vya komunyo ya kwanza, na nilitaka tufike kabla soko halijachangamka sana. Viatu vile vilikubana, mama yako akasema hata kwa macho ningeona.

Ikapita siku ya kwanza hadi ya nne. Jioni ya tano umeme ulikatika, ukarudi, lakini swichi ya tanki ilikuwa imejizima na haikujiwasha. Mama Prosper alipita kabla ya kufunga mlango, kama kawaida yake. Akatazama skrini, ikasema tatu. Akaenda kulala na simu kando ya mto.

Asubuhi mtu wa gari la maziwa alipima kwa spiriti, maziwa yakakatika, ishara kwamba yameharibika. Akapima tena, yakakatika. Akafunga mlango wa gari akashuka nalo tupu. Mimi nilifika wanawake wakiwa wameshaanza kuyamwaga kwenye mfereji, kwa ndoo, mmoja mmoja. Maziwa ya vihamba vyote vile, mashamba ya migomba ya kila nyumba. Kuna waliokuwa wametembea na ndoo hizo kichwani kwenye utelezi kabla hakujapambazuka. Bibi yako alimwaga ya kwake kisha akabaki ameshika ndoo, anaangalia weupe unavyoshuka na maji kati ya kahawa. Harufu ile, mpaka leo nikiisikia huwa nasimama.

Niliichukua kompyuta nikashuka nayo Mawenzi. Nikaandika amri upya bila lile neno la kuzima. Maonyo yakajaa skrini, na katikati yao lilikuwepo moja ambalo sikuwahi kuliona: neno lako hili silijui, heda haina maelezo yake tena, nimekisia. Ndivyo ilivyokuwa. Neno la zamani lilikuwa limeondolewa kweli, kama walivyosema kwa miaka. Kompaila ikakisia kwamba linarudisha namba nzima, kumbe linarudisha namba yenye sehemu. Ile tatu ya kwenye skrini haikuwa joto la maziwa wala la kitu chochote. Ilikuwa takataka iliyobaki ndani ya mashine, ikafanana na baridi nzuri. Ungeutia waya ule motoni, ingesema tatu.

Nilisoma mstari ule mara nyingi. Halafu nikarekebisha programu, ilinichukua chini ya saa moja, na kesho yake nikapanda nayo kwenye kikao cha akina mama wa tanki.

Nilikuwa nimepanga kusema. Naomba uniamini hapo. Niliingia nikiwa na maneno ya kuanzia. Lakini mwenyekiti alifungua kikao kwa kunishukuru kwamba nimeacha kazi zangu mjini, na wakanipa kiti cha mbele. Mama Prosper alikuwa amesimama karibu na mlango. Alisema neno moja tu, tena kwa sauti yake ile ya chini: "Nilitazama. Ilikuwa tatu." Mtu akasema macho yake yamechoka, umri umekwenda, si kosa lake. Alisemwa kwa upole, na ule upole ulikuwa mbaya kuliko matusi. Mwenyekiti akanigeukia, akauliza kama mashine inaweza kukosea.

Nikasema, "Mashine inasoma inachopewa."

Itazame sentensi hiyo, mwanangu. Hakuna neno la uongo ndani yake. Nimewahi kusema uongo mwingi mdogo maishani na nimeusahau. Sentensi hiyo ya kweli siisahau.

Wakamwondoa kwenye tanki siku ile ile, wakampa mwanamke mwingine ufunguo. Mfumo wangu, sasa uliorekebishwa, ukafanya kazi vizuri, na watu wakaona kwamba kumbe tatizo lilikuwa ni yule mama.

Wiki tatu baadaye alikuja kazini kwangu. Nilimwona kupitia dirishani anavuka barabara taratibu, amevaa kitenge chake cha kanisani. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa. Akatoa simu kwenye mfuko wa plastiki, akaniwekea mezani kwa mikono miwili. Akaniomba nimtazamie kama usiku ule ujumbe ulikuja akaufuta kwa bahati mbaya. Alisema wajukuu wake wametafuta hawakuona, lakini mimi fundi ninaweza kuona vilivyofutwa. "Nikijua nilikosea mimi," alisema, "nitatulia."

Niliishika ile simu. Nikabonyezabonyeza kana kwamba natafuta. Nikamwambia labda ulikuwa mtandao, mama, mitandao ya huku haieleweki. Akanishukuru. Akaniachia ndizi alizokuja nazo kwenye kikapu, akaondoka kwenda kutafuta gari la kupanda.

Siku ile mama yako aliniuliza ndizi zimetoka wapi, na ndipo nikamwambia kila kitu, jikoni, nimesimama. Nilidhani atanituliza. Alikuwa anamenya viazi, hakuacha. Akasema, "Mimi unaniambia kwa nini? Mimi sikufukuzwa."

Jumapili nilipanda. Nilimkuta Mama Prosper nyuma ya nyumba anakatakata mgomba wa ng'ombe. Nikamweleza, vibaya, nikianzia katikati, nikirudi nyuma, heda, kompaila, neno lililoondolewa, mpaka yeye akaninyoshea mkono ninyamaze. Akauliza swali moja: kama nilijua siku ya kikao. Nikasema nilijua. Na siku aliyokuja na simu? Nikasema nilijua.

Alikata kipande kingine cha mgomba. Kisha akasema, "Wiki tatu hizi nimekuwa nikijipima macho. Kila asubuhi nasimama mlangoni nahesabu migomba ya jirani. Nikimaliza nahesabu tena nione kama nimepata idadi ile ile."

Nilikuwa nimefikiri kosa langu ni maziwa. Maziwa ng'ombe waliyatoa tena jioni ile ile. Kile nilichomnyang'anya yule mama ni kuamini alichokiona kwa macho yake mwenyewe, na hicho hakikamuliwi.

Alinitaka niwaambie wenzake, na nikawaambia, baada ya misa ya pili, kwenye uwanja wa kanisa. Sitakuandikia yote. Wengine walinijibu, wengine waliondoka katikati ya maneno yangu. Bibi yako alikuwepo. Hakunisemesha mpaka kahawa ilipoanza kuiva, na aliponisemesha alianza na habari za mvua. Walimwomba Mama Prosper arudi kwenye tanki akakataa. Alisema hataki kazi ambayo watu walimvua kwa huruma. Ila alikubali kitu kimoja, na alikisema yeye, sikukiomba: atakuja mwezi mmoja, na kipimajoto chake, akae kando ya skrini yangu, na kila saa namba mbili zisomwe kwa sauti.

Hapo sasa ndipo wewe unaingia. Ilikuwa likizo na nilikuchukua. Wewe ulidhani ni matembezi. Mwezi ule, Adelina, katika maisha yangu yote, ningeambiwa nichague mwezi mmoja wa kurudia, ningechukua huo. Kufika kabla ya jua, ukungu umelala kwenye kahawa, halafu dakika chache kilele cha Kibo kinajitokeza juu ya migomba, karibu mno, kisha kinafungwa tena. Wanawake wakiingia na ndoo zilizofunikwa kwa majani ya mgomba, wakisalimiana kwa Kichagga, wakikusalimia wewe kwa Kiswahili kwa sababu ulikuwa mtoto wa mjini. Ndizi za kuchoma. Chai ya maziwa kwenye kikombe cha bati kilichokuunguza midomo kila siku na kila siku ulikisahau. Ulikaa juu ya dumu lililogeuzwa, na Mama Prosper alikufundisha kuinua kipimajoto kwenye mwanga na kukileta usawa wa jicho. Alisoma yeye, kisha ukasoma wewe, kisha mimi nikasoma skrini. "Nne," anasema. "Nne," unasema. "Nne na kidogo," nasema mimi, na mnacheka kwa sababu ya kidogo.

Kati ya saa na saa niliyarudia maonyo, moja baada ya jingine. Nilisoma kila moja hadi mwisho, nikatafuta neno jipya, nikaelewa kwa nini la zamani limeondolewa, ndipo nikabadilisha. Mengine yalikuwa ya dakika mbili. Moja lilinichukua siku nne. Nilipomaliza niliiambia kompaila kwamba kuanzia hapo kila onyo ilihesabu kuwa kosa, isiniruhusu kupita. Nimefanya hivyo hadi leo, na ndiyo sababu unaniita mzee mwenye kazi za taratibu.

Na nikiyasoma niligundua jambo lililonitia aibu kuliko lile la kwanza. Watu wale walioandika zile heda, siwajui, wao hawanijui, walinipa miaka. Walisema neno hili linaondoka, hili hapa la kushika badala yake, njoo polepole. Na mimi, nilipoamua kwamba kipimajoto cha Mama Prosper kimezeeka, sikumpa hata wiki. Nilimwambia mbele ya watu na nikaupaka ukuta wake rangi. Angebaki na kamba yake na chaki yake kando ya mashine yangu, ile tatu ya bandia ingegundulika kabla maziwa hayajaharibika.

Huko Dodoma utakuta programu za watu waliokutangulia, zenye maonyo mengi, na wakubwa wenye haraka. Siwezi kukuambia kila onyo ni hatari. Mengi si hatari, na hiyo ndiyo shida yake. Utayazima mengine, najua, siku ambayo umechoka na kuna mtu anasubiri. Ukiyazima, jua umeyazima, uandike mahali, urudi. Na siku itakayokuharibikia, maana itakuharibikia, mimi nitataka unipigie, na nitapokea. Ila usinipigie mimi kwanza. Mtafute kwanza yule aliyesimama karibu na mlango.

Alhamisi nilipanda kumwona Mama Prosper. Bado anakata mgomba mwenyewe, sasa ana ng'ombe mmoja. Nilitaka kumwomba ruhusa ya kukuandikia haya, kwa kuwa habari hii ni yake kuliko yangu. Alinisikiliza. Akauliza unakwenda kufanya kazi gani, nikamweleza, akafikiri. Akasema nikuandikie, lakini nisimwandike kama mtu wa kulialia, kwa sababu yeye hakulia, si kwenye kikao, si kazini kwangu, si siku nilipomwambia.

Ni kweli, hakulia. Aliyelia ni mimi, nyuma ya kituo cha maziwa, siku ya mwisho ya ule mwezi, na ni yeye aliyekuzuia mlangoni usije kuniona.

Baba yako anayekupenda.